Mlango Nyuma ya Vichwa

Kwako dada yangu mdogo, mtoto wa mama yangu,

Nakusalimu sana. Habari za hapo kwako, habari za magoti, na kile kifua ulichosema kinakubana asubuhi, je, kimeachia? Natumaini karatasi hizi zitakukuta umekaa, si umesimama, maana ni nyingi na mwandiko wake unachosha. Mimi ni mzima, nakula na kulala. Jicho la kushoto lilishaondoka kabisa, la kulia bado linanisaidia mchana kweupe, na meno yangu yote ya mbele yapo, jambo ambalo wazee wengi wa umri wangu hawawezi kulisema bila kuficha mdomo.

Utaushangaa mwandiko huu. Umezoea barua zangu ziandikwe na jirani yangu, mwalimu mstaafu, mimi nikisema na yeye akipanga. Hii naiandika kwa mkono wangu. Unajua niliacha shule darasa la nne, tena si kwa ujinga. Niliacha kwa sababu yule mwalimu wa hesabu alinichapa kwa kosa la mwenzangu, nikaapa sirudi, na sikurudi. Herufi nyingine nilijifunzia kwenye maboksi ya filamu. Nimeinamia ile lenzi ya kukuzia niliyokuwa nakagulia negativu za filamu, na kila mstari nikiumaliza napumzika kama mtu aliyepanda ngazi. Leo ni siku ya tano, naandika na kuchana. Mwalimu alichungulia juzi akasema kuku akichakura ataandika vizuri zaidi. Nikamwambia basi amlete huyo kuku wake, aje anisaidie.

Barua yako ilifika Jumatatu, mwalimu akanisomea. Umesema kesi ya moto wa kiwandani inafunguliwa upya tarehe kumi na nne mwezi ujao. Umesema wakili wa familia ni msichana mdogo lakini hatishiki, na kwamba yule mlinzi wa getini, kabla hajafa, alimweleza kuwa meneja alimwamuru aukate mnyororo wa mlango wa nyuma na kuutupa wakati moshi bado unafuka. Lakini neno la marehemu mmoja, tena aliyejulikana kwa ulevi, halitoshi mbele ya jaji. Panatakiwa picha. Wakili akakuuliza kama ipo picha nyingine ya ule ukumbi, zaidi ya hiyo iliyo ukutani kwako. Nawe ukamjibu kwamba ulishaniuliza zamani, nikasema ilikuwa moja tu, na kaka yangu hasemi uongo. Ila kwa kuwa msichana wa watu amesisitiza, unaniuliza tena.

Pale pa kaka yangu hasemi uongo nilimwomba mwalimu arudie. Akarudia. Nikamwambia aende kwake, nina usingizi. Sikuwa na usingizi wowote.

Kabla sijakujibu, niache niseme kidogo juu ya kazi yangu. Najua umenisikia nikijisifu kwa kazi hii miaka yote mpaka ukachoka, lakini safari hii vumilia, maana bila hivyo jibu langu hutalielewa.

Watu wanadhani kamera inameza kila kitu kilicho mbele yake sawasawa. Si kweli. Ukiifungua lenzi vya kutosha, kitu kimoja tu ndicho kinachokaa wazi, na vilivyo mbele na nyuma yake vinayeyuka kama sabuni kwenye maji. Hapo mahali pamoja ndipo panapowekwa kile tunachokiita ukali. Mwenye kamera ndiye anayepachagua. Unazungusha pete ya lenzi kwa vidole viwili, unamtoa mtu kwenye ukungu, unamrudisha mwingine. Vijana wa siku hizi mashine inawachagulia. Mimi sijawahi kuchaguliwa na mtu wala mashine.

Unaikumbuka picha ya baba? Alivaa koti la kuazima, akakaza uso kama anataka kuhutubia, na mimi ukali nikauweka kwenye mikono yake aliyoilaza magotini, ile mikono ya mhunzi, uso nikauacha ufifie kidogo. Alinitukana siku mbili. Akasema nimempiga picha kama gunia lenye vidole. Lakini alipofariki, mama aliishika picha ile akasema huyu ndiye, na ile ya kitambulisho yenye uso wazi hakutaka hata kuiona. Tangu hapo nilijua nina kitu ambacho wenzangu hawana. Nikachonga muhuri wa mpira unaosema JICHO HALIKOSI, nikawa naupiga nyuma ya kila picha, watu wakaliacha jina langu wakaniita Jicho. Mkuu wa shule mmoja mwenye maringo nilimwekea ukali kwenye kiatu kilichotoboka, akalipa na kushukuru, hakugundua mpaka mkewe alipomwonyesha. Tena nilikuwa nabonyeza mara moja. Wenzangu walibonyeza mara kumi wakitafuta bahati. Mimi mara moja, basi, haya inukeni mwende zenu.

Makosa yalikuwepo, mdogo wangu, ila hakuna aliyeyaona. Nilikuwa na kopo la bati juu ya rafu ya studio. Picha iliyokosa naikata kwenye ukanda wa filamu, naitia koponi, na mwisho wa mwezi nayachoma yote uani. Hakuna aliyejua, hata mke wangu. Alidhani naweka tumbaku.

Mwaka ule wa moto nilikuwa na miaka sitini na miwili, na mtoto wa jicho alishaanza kuingia. Taa niliziona kama zimeota nywele. Sikumwambia mtu. Mtu anayeitwa Jicho ataanzaje kusema haoni?

Sasa nimfikie binti yako, Sindano wetu. Jina hilo nililitoa mimi, kwa wembamba wake na kwa jinsi alivyokuwa akipenya popote, wewe ukakasirika kwamba namchuria mtoto, kisha na wewe ukaanza kumwita hivyo. Kiwandani walipompandisha cheo akawa msimamizi wa ukumbi wa kushonea, ghorofa ya pili, cherehani sitini, uliniandikia barua yenye furaha mpaka mwalimu aliisoma kwa sauti ya harusi. Meneja alipotaka picha ya wafanyakazi kwa ajili ya kalenda, Sindano ndiye aliyemwambia kwamba mjomba wake ni fundi. Hayo unayajua.

Unajua pia jinsi siku ile ilivyokuwa, maana nilikusimulia mara nyingi. Simu na mikoba yote iliachwa kwa mlinzi getini, kama kawaida yao. Meneja alitaka watu wakae dirishani, penye maua ya plastiki. Sindano akamwambia hapana, bosi, mwanga wa dirisha uje usoni, watu wautazame, vinginevyo wote watatoka weusi kama mkaa. Nikacheka, kwa sababu maneno hayo aliyaokota kwangu alipokuwa mtoto akinishikia kitambaa cha nyuma studioni. Kwa hiyo watu wakageuzwa, wakaupa mgongo ukuta wa nyuma, na mlango wa nyuma ukawa katikati ya vichwa vyao. Meneja mbele, miwani inang'aa, tumbo limetangulia. Sindano kushoto, wa tatu kutoka mwisho.

Siku ya tisa baada ya picha, waya wa pasi uliwaka. Ngazi ya mbele ikashika moto kwanza. Watu wakakimbilia mlango wa nyuma. Sina haja ya kukueleza wewe habari ya mlango ule. Walikufa kumi na watano, na mwanao alikutwa wa kwanza ukihesabu kutoka mlangoni, yaani aliyeugusa ubao, na ule mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa mkononi, ncha imevunjika.

Ukaja uchunguzi wa tume. Meneja akasema mlango ule haukuwa na mnyororo hata siku moja, ulikuwa na komeo la ndani tu, na mwenye wajibu wa kulifungua ni msimamizi wa ukumbi. Akasema marehemu alichanganyikiwa. Mkasi alikuwa nao, akasema, kuwazuia wenzake wasimsukume. Hivyo ndivyo mwanao alivyozikwa, kama mtu aliyewafungia wenzake. Na mama za wenzake wakaacha kukusalimu. Najua jinsi mwenye duka alivyokuwa akiweka chenji yako juu ya meza badala ya mkononi. Najua maandishi ya mkaa ukutani kwako, mama wa aliyefunga mlango, na jinsi ulivyoyasugua kwa mchanga mpaka rangi ikatoka na maneno yakabaki. Shemeji aliyachukua hayo moyoni mpaka yakamwondoa. Wewe ukahama, ukaitundika picha ile katika nyumba nyingine, ukaendelea.

Tume ikaniita mimi kwa sababu picha yangu ndiyo pekee iliyouonyesha ukuta ule. Walikuwa wameikuza kubwa kama mlango wenyewe. Vichwa vyote vikali, unaweza kuhesabu kope za meneja, na nyuma yao mlango ni ukungu, na katikati ya ukungu pana doa jeusi. Mwenyekiti wa tume akaniuliza doa lile ni nini. Kabla sijajibu, wakili wa kiwanda akasimama, akaniinamia, akasema mzee, sisi wote hapa ni wanafunzi tu mbele ya fundi wa miaka arobaini, tueleze kwa nini mlango hauonekani vizuri.

Dada, nilivimba. Nilisimama wima kama nimevishwa nishani. Nikawaeleza habari ya pete ya lenzi, na picha ya baba, na kiatu cha mkuu wa shule, watu wakacheka. Nikasema mlango umefifia kwa sababu mimi nimeamua ufifie, mpiga picha wa kweli anauweka ukali penye maana na kuyeyusha upuuzi. Wakili akauliza, kwa hiyo mzee, pale mlangoni hapakuwa na kitu chenye maana? Nikasema hapakuwa na kitu. Akauliza kama kingekuwepo ningekiona. Nikajibu, mwanangu, kingekuwepo ningekiona, Jicho halikosi.

Karani akaandika. Neno langu hilo limo kwenye hukumu ya tume, ukurasa wa pili, mwalimu alinisomea: shahidi mzoefu amethibitisha kwamba mlangoni hapakuwa na kitu. Wewe ulikuwa safu ya pili, umejifunga mtandio wa buluu. Tulipotoka ulinishika mkono, ukasema ahsante, kaka, kwa kuja.

Hapo niliweka kalamu chini jana, nimeishika tena leo.

Jibu la swali lako ni kwamba ipo. Picha nyingine ipo. Ilikuwepo siku ile nilipokuwa nimesimama mbele ya tume, na ilikuwepo uliponiuliza mara ya kwanza, na sasa hivi ninavyoandika ipo hapa mezani, imefungwa kwenye karatasi laini.

Nilibonyeza mara mbili. Mara ya kwanza niliinama kwenye kamera, nikazungusha pete, kila kitu kilikuwa uji kwa sababu ya jicho langu. Nikatafuta kitu kinachong'aa, nikasema ile ni miwani ya meneja, nikauleta ule mng'ao mpaka ukawa kama ncha ya msumari, nikabonyeza. Kisha nikamwona mmoja pale kushoto amegeuka, nikafoka. Na meneja akasema mzee, sogea mbele hatua mbili, sura yangu isipotee. Nikasogea. Safari hiyo sikuliamini jicho. Nikaazima futi ya kupimia nguo kutoka shingoni mwa mshonaji mmoja, nikaipima kutoka kwenye lenzi mpaka puani kwa meneja, watu wakaangua kicheko wakidhani ni mbwembwe, nikaweka pete kwa namba. Hiyo ndiyo iliyotoka na vichwa vikali. Hiyo ndiyo iliyo ukutani kwako.

Kesho yake nilipoisafisha filamu na kuitazama kwa lenzi hii hii, ile ya kwanza niliona imekosa. Watu wote ni moshi. Na nyuma ya moshi, mlango umekaa wazi kama umechongwa. Kilichong'aa hakikuwa miwani. Kilikuwa kufuli. Pete za mnyororo unaweza kuzihesabu, zimepita mara mbili kwenye vipini vya mlango, na kufuli katikati, nene kama ngumi ya mtoto.

Nilifanya nini? Niliikata nikaitia koponi. Si kwa sababu ya mnyororo. Mnyororo sikuufikiria hata kidogo. Niliikata kwa sababu Jicho alikuwa amekosa, na kukosa kwenyewe kwa hatua nne nzima, kama mwanagenzi wa wiki ya kwanza. Moto ulikuja kabla ya mwisho wa mwezi, kabla sijachoma. Baada ya hapo sikuweza kuichoma, kwa sababu Sindano yumo humo ndani, hata kama ni moshi.

Na mbele ya tume ningeitoaje? Ningetakiwa kusema nililenga meneja nikapata kufuli. Ningetakiwa kusema sioni. Wewe utasema kaka, hilo tu? Ndiyo, mdogo wangu, hilo tu. Hakuna aliyeninunua. Hakuna aliyenitisha. Mwalimu alinibana kwa hilo, akaniuliza walikupa nini, mzee? Nadhani angefarijika kama ningemwambia walinipa kitu.

Lakini hayo bado si yale yaliyonifanya nimwondoe mwalimu nikaandika mwenyewe. Kaa vizuri.

Siku moja kabla ya picha, alasiri, Sindano alikuja studioni. Akakaa kwenye kile kiti cha wateja, akazungusha miguu kama zamani. Akaniambia mjomba, nina neno, lakini usimwambie mama, atanitoa kazini. Akanieleza kwamba mlango wa nyuma una mnyororo, meneja anaogopa vitambaa vitapitishwa huko, na ufunguo anatembea nao yeye mfukoni. Alimwomba ufunguo mara tatu. Mara ya tatu meneja alimwambia cheo alichompa anaweza pia kumvua. Wakaguzi wa serikali wakija, taarifa hutangulia, na siku hiyo mnyororo hufunguliwa asubuhi na kufichwa ndani ya pipa la vitambaa chakavu. Kwa hiyo alikuwa ametafuta njia ya kuwapelekea picha iliyopigwa siku ya kawaida. Kalenda ile ilikuwa akili yake, mdogo wangu. Alimtia meneja wazo la kalenda kichwani mpaka meneja akadhani ni lake. Habari ya mwanga wa dirisha ilikuwa akili yake pia. Kila kitu alishakipanga, pamebaki kimoja tu. Akaniomba, mjomba, tafadhali, kesho ukali uweke mlangoni. Nyuso zetu ziache, hata zisipoonekana.

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia miaka arobaini nashika kamera, leo binti niliyemfuta kamasi ndiye wa kunifundisha pa kuweka ukali? Nilimwambia picha ya watu ni ya watu, mimi sipigi milango, akitaka mlango akamwite seremala. Nikaongea sana. Nikamtajia picha ya baba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka kile kicheko chake cha puani, akasema haya mjomba, fundi ni wewe, chagua wewe, ila chagua vizuri. Akaniosha kikombe nilichokunywea chai, akaondoka.

Siku ya tatu baada ya picha alikuja kuichukua. Aliitazama muda mrefu, akaisogeza dirishani, akaigeuza, akaona muhuri. Akauliza kama ipo nyingine. Nikasema Jicho hapigi mara mbili. Akasema mbona nilisikia mlio mara mbili, mjomba? Nikamwambia ule wa kwanza nilikuwa naiamsha kamera, haukuwa na filamu. Kopo lilikuwa kwenye rafu nyuma ya kisogo chake, angenyoosha mkono angeligusa. Akaniamini. Akasema basi, tutatafuta njia nyingine. Akaitia picha kwenye bahasha akakuletea wewe uitundike. Zilikuwa zimebaki siku sita.

Hayo ndiyo sijamwambia mtu. Miaka kumi na miwili umeambiwa kwamba mwanao aliujua mlango ule na akanyamaza, au aliufunga mwenyewe, na wewe hukuwa na neno la kuwajibu. Neno unalo sasa. Hakunyamaza. Alisema, na mtu aliyemwambia ni mimi. Mkasi ule hakuushika kumzuia mtu. Alikuwa anapigana na mnyororo.

Nitampa mwalimu bahasha hii akuletee mkononi, asiipitishe posta. Ndani mna negativu, kile kipande nilichokikata. Usiishike katikati, ishike kingo, tena kwa kitambaa, na usiiweke juani. Mpelekee wakili. Mwambie aje, au amtume mtu, nitaeleza yote kama nilivyoyaeleza hapa na nitatia dole gumba kila ukurasa. Tarehe kumi na nne nitakuja mwenyewe hata kama ni kwa kubebwa. Wakiniuliza kwa nini niliificha, nitasema kwa nini. Kama hutaki kukaa chumba kimoja nami, kaa nje mpaka nimalize, nitatokea mlango mwingine.

Kabla ya kuifunga niliichapa mara moja, kwa ile mashine yangu ya zamani, kwenye karatasi ya mwisho niliyokuwa nayo. Nilitaka kujua kama bado ni kali. Sikuweza kuona. Nikamwita mwalimu, nikamkalisha dirishani, nikamwambia asome kama anavyosoma barua, asiruke kitu. Akasema naona mlango, naona mnyororo, naona kufuli. Akahesabu pete, kumi na moja. Nikamuuliza watu je? Akasema watu ni kama mvuke, hana wa kumtambua. Nikamwambia atazame kushoto, wa tatu kutoka mwisho. Akaisogeza karatasi karibu na macho. Kisha akasema wote wametazama kamera isipokuwa huyo. Huyo amegeuka. Kinachoonekana ni kisogo na fundo la kitambaa. Anautazama mlango.

Nikakumbuka. Yeye ndiye niliyemfokea. Alikuwa amegeuka kuhakikisha hakuna mtu aliyesimama mbele ya kufuli, aniachie nafasi. Na mimi nikamkemea mbele ya watu wote, nikasema wewe Sindano, mlangoni pana nini, tazama huku. Akageuka, akanitazama. Hapo ndipo nikapima kwa futi, nikabonyeza.

Picha iliyo ukutani kwako ni hiyo. Macho unayoyasalimia kila asubuhi ni ya mtu aliyetii.

Mwalimu alivua miwani, akaikunja, akaniuliza lile swali lake la walikupa nini. Tangu siku hiyo ananisalimu kutoka mlangoni, haingii.

Naishia hapa, mkono umekufa ganzi na jua linaondoka mezani. Nisalimie yeyote hapo anayekusalimu. Kunywa dawa ya kifua, usiiache katikati kama kawaida yako. Ukinijibu nitashukuru, na usiponijibu nitajua kwamba bahasha imefika.

Ni mimi kaka yako, mkubwa wako kwa miaka minne.

Muhuri sikuupiga. Nimeutia koponi.